UTM, Fusion au KVM: pa kuendeshea Linux na BSD kwenye kompyuta ya ARM

Wengi huanza kwa kuuliza ni programu ipi ya mashine pepe iliyo nyepesi. Kwenye prosesa za ARM swali hilo huja la pili. La kwanza ni hili: mfumo unaotaka kuuendesha umetengenezwa kwa prosesa gani? Ukishalijibu, nusu ya machaguo yanajiondoa yenyewe. Usipolijibu, utamaliza siku nzima ukiilaumu UTM au QEMU, programu za kuendeshea mashine pepe, kwa kosa lililofanyika wakati wa kupakua faili la ISO, yaani diski ya kusakinishia mfumo.

Katika maelezo haya mwenyeji ni kompyuta yenyewe pamoja na mfumo wake, na mgeni ni mfumo unaokaa ndani ya mashine pepe. Wenyeji tunaowaangalia ni Mac zenye chipu za M1 na zilizofuata, halafu bodi na seva za ARM zinazoendesha Linux.

## Usanifu kwanza

Mgeni wa arm64 (ARM ya biti 64, pia huitwa aarch64) akikaa juu ya mwenyeji wa arm64, maagizo yake yanatekelezwa na prosesa moja kwa moja. Kwenye Linux kazi hiyo ni ya KVM. Kwenye macOS ni ya Hypervisor.framework, ambayo QEMU huiita `hvf`. Mgeni wa amd64 (x86 ya biti 64, ya Intel na AMD) hana njia hiyo. QEMU inalazimika kumtafsiria kila agizo kwa injini yake ya TCG, na Debian iliyozoea kuwaka kwa sekunde chache inakula dakika. TCG inatosha kukagua kama programu yako inajengeka kwa x86. Kwa kazi ya kila siku, isahau.

Ukiweka ISO ya amd64 kwenye mashine ya arm64 hupati ujumbe wa kosa ulio wazi. UEFI ya mgeni, programu inayouwasha mfumo, hutafuta faili `EFI/BOOT/BOOTAA64.EFI`, na ISO ya amd64 inalo `BOOTX64.EFI`. Isipolipata inakuacha kwenye skrini nyeusi yenye neno `Shell>` na kutulia hapo. Watu hubadilisha kadi ya skrini, huongeza RAM, husakinisha UTM upya, kumbe dawa ni kupakua ISO nyingine.

Kuna mitego miwili ambayo haionekani kwenye jina la faili. Wa kwanza ni biti 32. Chipu za Apple za mfululizo wa M haziwezi kabisa kuendesha msimbo wa ARM wa biti 32, kwa hiyo programu ya `armhf` haitafunguka ndani ya mgeni hata kama mgeni mwenyewe ni wa biti 64. Cortex-A72 ya Raspberry Pi 4 inaweza kuendesha mfumo mzima wa biti 32 (kwenye QEMU ni `-cpu host,aarch64=off`). Cortex-A76 ya Raspberry Pi 5 iko katikati: programu za biti 32 sawa, keneli ya biti 32 hapana.

Mtego wa pili ni ukubwa wa kurasa za memori. Chipu za Apple zinakubali kurasa za KB 4 na KB 16, ila KB 64 hazikubali. RHEL 8 ya aarch64 na ndugu zake, kama CentOS 8, zilijengwa kwa keneli ya KB 64, ndiyo maana haziwaki kwenye mashine pepe ya Mac yenye kasi ya prosesa, hata ufanyeje. RHEL 9 ilirudi KB 4 na tatizo likaisha. Cortex-A72 nayo inakubali KB 4 na KB 64, si KB 16. Keneli ya KB 4 inawaka kote kuliko zote. Ukiwa huna sababu ya pekee, kaa nayo.

## Kwenye Mac

UTM ni jina moja lenye injini mbili ndani, na maoni mengi yanayopingana kuhusu UTM yanatokana na watu wawili wanaotumia injini tofauti bila kujua. Unapounda mashine mpya na kuchagua Linux, kuna kisanduku cha kutumia Apple Virtualization. Ukikiacha bila alama, unapata QEMU.

| | UTM kwa QEMU | UTM kwa Apple Virtualization | VMware Fusion |
|---|---|---|---|
| Leseni | huria | UTM huria, injini ya Apple | bure, si huria |
| Linux ya arm64 | ndiyo | ndiyo, macOS 13 kuendelea ndiyo rahisi | ndiyo |
| BSD | ndiyo | usiitegemee | jaribu FreeBSD tu |
| Mgeni wa amd64 | ndiyo, polepole | hapana | hapana |
| Programu za x86 ndani ya Linux | kwa tafsiri ya QEMU | kwa Rosetta | kwa tafsiri ya QEMU |
| Faili la diski | qcow2 | ghafi | vmdk |
| Kurudisha hali ya awali | amri ya `qemu-img` | nakala ya folda | kitufe ndani ya programu |

Injini ya Apple ina wepesi unaoonekana kwenye diski na mtandao, na kati ya hizi tatu ndiyo pekee yenye Rosetta, mtafsiri wa Apple wa programu za x86, ndani ya Linux. Hapo ndipo thamani yake kubwa ilipo. Kama una kontena za amd64 usizoweza kuzijenga upya, chagua injini hii na usiangalie nyuma. UTM inaileta Rosetta kama folda ya virtiofs (folda ya pamoja kati ya mwenyeji na mgeni), nawe unaipandisha ndani ya mgeni:

```
sudo mkdir -p /media/rosetta
sudo mount -t virtiofs rosetta /media/rosetta
```

Halafu unaisajili kwa `update-binfmts` ya kifurushi cha `binfmt-support`, ili keneli ijue kuwa kila faili la x86 la biti 64 lipelekwe huko. Faili za x86 za biti 32 hazihusiki. Programu isiyo tuli (isiyobeba maktaba zake ndani) itahitaji pia maktaba zake za amd64: `dpkg --add-architecture amd64`, kisha `apt update`, kisha `apt install libc6:amd64`. Hatua hii ikisahaulika, unajibiwa kwamba faili halipo ilhali unaliona kwa macho. Kinachokosekana ni `ld-linux-x86-64.so.2`, si programu yako.

Injini ya QEMU inashinda kila mahali penye mambo yasiyo ya kawaida: FreeBSD, OpenBSD, NetBSD, diski za qcow2, vifaa vya USB vya kumpa mgeni, aina kadhaa za kadi ya skrini. Tatizo lake linaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni skrini inayobaki na maneno `Display output is not active`. Mara nyingi mgeni yuko hai na anafanya kazi, ila keneli yake haiitumii kadi uliyompa. Badilisha kadi kuwa `virtio-ramfb`. Isiposaidia, ongeza kifaa cha Serial kwenye mipangilio na uingie kupitia dirisha lake. Na usakinishaji unaorudi mwanzo kila ukizima na kuwasha unamaanisha ISO bado iko kwenye kiendeshi cha CD, iondoe.

Kushiriki folda kunatofautiana pia. Kwa injini ya Apple ni virtiofs. Kwa QEMU, ukichagua VirtFS, ni 9p:

```
sudo mount -t 9p -o trans=virtio,version=9p2000.L share /mnt/mac
```

Utakuta faili zote ni za mtumiaji namba 501 na kundi la `dialout`. Si hitilafu. Mtumiaji wa kwanza wa macOS ni namba 501 na kundi lake `staff` ni namba 20, na kwenye Debian namba 20 ndiyo `dialout`. Kwa kuwa wewe ndani ya mgeni ni namba 1000, unasoma lakini huandiki. Kifurushi cha `bindfs` kinaweza kupanga 501 ionekane kama 1000 kwenye folda ya pili. Kukimbilia `chmod 777` kunabadilisha faili za Mac yenyewe.

Fusion iliingia rasmi kwenye chipu za Apple na toleo la 13, Novemba 2022, na tangu Novemba 2024 ni bure hata kwa kazi za biashara. Kuipakua kunadai kujiandikisha kwa Broadcom, na wengi wanakwamia hapo. Inachokupa ni uzuri wa mambo ya skrini: dirisha linalobadilika ukubwa bila kugombana, picha za 3D kwa mgeni mwenye keneli ya 5.19 au mpya zaidi, na kitufe cha kuhifadhi hali ya mashine kabla hujaivuruga. Sakinisha `open-vm-tools-desktop` ndani ya mgeni, la sivyo nusu ya hayo hutayaona. Kama unataka mazingira kamili ya GNOME au KDE ya kukaa nayo siku nzima, Fusion inaiacha UTM nyuma. Kwa seva isiyo na skrini, ubora huo wote haukufai kitu.

Parallels ni ya kulipia, na kwa Linux peke yake ni vigumu kuitetea. Wanaoifurahia ni wale wenye Windows upande wa pili. VirtualBox ilianza kuwakubali wageni wa Linux ya ARM kwenye Mac za ARM rasmi katika toleo la 7.1 mwaka 2024. Yule anayetoka kwenye Mac ya Intel akiwa na mashine zake za VirtualBox asitarajie kuzihamishia huku: ni za amd64, nazo VirtualBox ya ARM haiziwashi. Lima inafaa kwa anayetaka tu Linux ndani ya terminali: `limactl start`, kisha `lima`, basi. Inatumia injini ile ile ya Apple.

Anayetaka kujua kila kitu kinachofanyika aiache UTM na aiite QEMU mwenyewe:

```
qemu-img create -f qcow2 diski.qcow2 20G
cp /opt/homebrew/share/qemu/edk2-arm-vars.fd vars.fd

qemu-system-aarch64 -M virt -accel hvf -cpu host \
  -smp 4 -m 4096 \
  -drive if=pflash,format=raw,readonly=on,file=/opt/homebrew/share/qemu/edk2-aarch64-code.fd \
  -drive if=pflash,format=raw,file=vars.fd \
  -drive if=virtio,format=qcow2,file=diski.qcow2 \
  -cdrom debian-arm64-netinst.iso \
  -nic user,model=virtio-net-pci,hostfwd=tcp::2222-:22 \
  -nographic
```

Mashine ya `virt` haina chochote cha bure: bila kuandika hupati skrini, kibodi wala UEFI. Na ukisahau `-cpu` pamoja na `-accel`, QEMU inakupa Cortex-A15, prosesa ya biti 32, hata kama jina la amri lina aarch64. UEFI ya biti 64 haiwezi kuwaka humo. Unabaki na terminali tupu bila neno. Faili la `vars.fd` ni kumbukumbu ya UEFI, kila mashine iwe na lake. Kutoka, bonyeza Ctrl-A kisha X. Mtandao wa `user` unampa mgeni anwani 10.0.2.15, na kutoka kwa Mac unamfikia kwa `ssh -p 2222 jina@localhost`. `ping` kwenda nje inaweza isijibu chini ya mtandao huu hata pale ambapo intaneti inafanya kazi, kwa hiyo pima kwa `curl`.

## Kwenye bodi na seva za Linux

Huku hakuna ushindani wa kweli: KVM iko ndani ya keneli, na swali lililobaki ni kama unaiendesha kwa libvirt (huduma ya kusimamia mashine pepe) au kwa amri tupu za QEMU. Ukiwa na mashine zaidi ya moja, au unataka ziwake zenyewe umeme ukirudi, tumia libvirt.

```
sudo apt install qemu-system-arm qemu-efi-aarch64 libvirt-daemon-system virtinst
sudo virsh net-start default
sudo virsh net-autostart default

sudo virt-install --name deb1 --memory 2048 --vcpus 2 \
  --disk size=20 --boot uefi --graphics none \
  --os-variant debian12 \
  --cdrom /var/lib/libvirt/images/debian-arm64-netinst.iso
```

ISO iwekwe hapo hapo `/var/lib/libvirt/images`. Ikikaa kwenye folda yako ya nyumbani, mtumiaji anayeendesha QEMU hana ruhusa ya kuifikia na utanyimwa. Mashine ikishakaa sawa, `sudo virsh autostart deb1`.

Kabla ya yote hayo hakikisha `/dev/kvm` ipo, kisha endesha `dpkg --print-architecture`. Kwenye Raspberry Pi OS ya biti 32 kuna kiini macho: keneli inaweza kuwa ya biti 64, `uname -m` ikajibu `aarch64`, lakini vifurushi vyote ni `armhf`. QEMU ya biti 32 haiwezi kuitumia KVM hiyo. Jibu likiwa `armhf`, andika upya kadi kwa toleo la biti 64.

Pi 4 na Pi 5 zote zina kidhibiti cha maombi ya vifaa cha GICv2. Kikomo chake ni prosesa pepe 8 kwa mgeni, ambacho kwenye bodi yenye kiini 4 hakikusumbui. Kinachosumbua ni amri iliyonakiliwa kutoka seva kubwa ikiwa na `gic-version=3`: inakataa kuanza. Andika `gic-version=host`.

Bodi za RK3588 zina tatizo la kwao. Zina kiini nane za aina mbili, Cortex-A55 nne zenye namba 0 hadi 3 na Cortex-A76 nne zenye namba 4 hadi 7. Kwa `-cpu host`, QEMU inauliza prosesa ya aina gani ikiwa juu ya kiini kimoja, kisha inaunda prosesa pepe ikiwa imeshahamishiwa kingine, na KVM inakataa kwa `Invalid argument`. Ukijaribu tena inaweza kukubali, na hilo ndilo linalowachanganya watu, kwani kosa linaonekana la bahati. Ifunge kwenye kundi moja:

```
taskset -c 4-7 qemu-system-aarch64 -M virt,gic-version=host -accel kvm -cpu host ...
```

Kwenye libvirt kazi hiyo inafanywa na `--cpuset=4-7`. Unapoteza zile A55, lakini mwenyeji anabaki nazo kwa shughuli zake.

Kuhusu diski: kadi ya SD iwashie mwenyeji tu. Wageni wawili wakisasisha vifurushi kwa pamoja juu ya SD, kila kitu kinasimama, na watu hudhani ARM ndiyo dhaifu. Weka SSD ya USB 3 kwenye Pi 4, au NVMe kwenye njia ya PCIe ya Pi 5. RAM nayo haidanganywi. Bodi ya GB 4 inabeba wageni wawili wa GB 1 kwa raha, wa tatu ni wa kubahatisha. Na usihangaike kuwaunganisha wageni kwa daraja la mtandao (bridge) juu ya Wi-Fi: kituo cha Wi-Fi hakipokei trafiki ya anwani za MAC ambazo hazikujiunga nacho. Tumia NAT ya libvirt, au waya.

Seva za kukodi za ARM zina sharti moja. Ukikodi mashine pepe ya kawaida, `/dev/kvm` kwa kawaida haipo ndani yake na unarudi kwenye TCG. Kwenye AWS, kwa mfano, aina za Graviton zenye neno `metal` ndizo zinazokupa prosesa nzima.

## Mgeni yupi

Debian ya arm64 ndiyo isiyo na mambo mengi. Alpine ni bora pale RAM inapobana: MB 512 zinatosha mgeni wa huduma moja ndogo, ila inatumia maktaba ya C ya musl badala ya glibc, na programu zilizojengwa tayari kwa glibc zinaweza kugoma.

FreeBSD imeiweka arm64 kwenye daraja la kwanza tangu 13.0 ya mwaka 2021, na inatoa diski za qcow2 zilizo tayari. Hakuna kusakinisha: ifungue kwa `unxz`, ipanue kabla ya kuiwasha mara ya kwanza kwa `qemu-img resize diski.qcow2 +20G`, nayo itajipanua yenyewe inapowaka. Unaingia kama `root` bila nenosiri, kwa hiyo weka nenosiri kabla ya kufungua SSH. Diski ya virtio (aina ya vifaa pepe) utaiona kama `vtbd0` na mtandao kama `vtnet0`; kama `vtnet0` haina anwani, ongeza `ifconfig_vtnet0="DHCP"` kwenye `/etc/rc.conf`.

## Kabla hujajifunga na chaguo moja

Jambo ambalo halimo kwenye jedwali lolote la sifa ni urahisi wa kuhama. Mgeni aliyejengwa kwa virtio na UEFI ndani ya UTM ya QEMU anahamia KVM ya Pi 5 kwa kunakili faili moja la qcow2. Akitoka injini ya Apple, ni amri moja zaidi:

```
qemu-img convert -f raw -O qcow2 mgeni.img mgeni.qcow2
```

Akitoka Fusion ni `-f vmdk`, lakini kuna shughuli zaidi: alizoea diski ya NVMe au SATA, na asipokuwa na draiva za virtio ndani ya initramfs (mfumo mdogo wa kuanzia kuwaka), ataishia kwenye kidokezo cha dharura akidai haoni diski. Debian huweka draiva nyingi bila kuulizwa (`MODULES=most`). Kwa jamii ya Fedora, kabla ya kumzima kwa mara ya mwisho, endesha `dracut -f --add-drivers "virtio_blk virtio_pci"`.

Katika kila kuhama, `vars.fd` haisafiri na diski, na orodha ya kuwashia inabaki ulikotoka. Mgeni anaweza kutua kwenye `Shell>` ile ile ya ISO isiyofaa. Safari hii kitu kipo, ila UEFI haijui kilipo. Andika `fs0:` kisha `EFI\debian\grubaa64.efi` naye atawaka. Akishawaka, `sudo grub-install --removable` inaweka nakala kwenye njia ya `BOOTAA64.EFI` ambayo kila UEFI ya ARM huitafuta bila kuambiwa. Ukiiendesha kabla ya kuhama, hutakutana na `Shell>` kabisa.